Nauli ya Kwenda Musoma

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Filbert Bayi wa Karatu alichukua fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui alichukua fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Nyambui ni mtu wa Majita, kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mara. Tangu mwaka huo nchi imepeleka wanamichezo katika kila Olimpiki na haijarudi na medali nyingine.

Kwetu Tarime na Serengeti jina la Nyambui hutajwa kama ushahidi. Watu wakikaa kuzungumzia mbio, utasikia kwamba ni damu. Utasikia habari za mwinuko wa milima ya Tarime, ugali wa mtama, maziwa mgando, vijana wanaochunga ng'ombe toka alfajiri na watoto wanaotembea maili kadhaa kwenda shule. Mtu ataonyesha kidole upande wa Sirari na kusema: wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanashinda kila siku, na hewa tunayovuta ni hiyohiyo.

Maelezo hayo yanapendeza kwa sababu yanatusifu bila kutudai chochote. Lakini hayahesabiki vizuri. Majita alikotoka Nyambui si milimani, ni ufukweni. Na milima ya Tarime haijashuka hata hatua moja tangu 1980. Maziwa yapo, ng'ombe wapo, watoto bado wanatembea kwenda shule. Kama damu na hewa vingetosha, tungekuwa na kabati la medali. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mkimbiaji naye huundwa, na vifaa vya kumuundia vina bei. Sehemu ya bei hiyo isiyosemwa sana ni nauli.

*

Ngazi ya michezo ya shule Tanzania ni rahisi kuieleza. Shule inachagua timu yake. Timu za shule za kata zinakutana, wazuri wanachujwa. Kata zinakutana wilayani, wilaya zinakutana mkoani, mikoa inakutana kitaifa. Kwa shule za msingi mashindano hayo yaliitwa UMISHUMTA. Kwa sekondari ni UMISSETA. Mtoto wa kijiji cha mpakani anayekimbia pekupeku anaweza, kwa kupanda ngazi hiyo, kufika mbele ya kocha mwenye saa ya kupimia muda.

Ukiitazama ngazi hiyo kwa macho ya mhasibu, utaona kitu kingine. Hatua ya kwanza karibu ni bure. Uwanja ni eneo la shule, mistari inachorwa kwa majivu, goli ni miti miwili na mtambaa panya. Kuanzia hatua ya pili kila kitu ni safari. Mtu lazima alipie lori au basi, alipie chakula cha watoto kwa siku tano au kumi, alipie posho ya mwalimu anayewasindikiza, alipie dawa ya mtoto akiugua. Kadiri timu inavyopanda, gharama ya mchezo wenyewe inabaki ileile, mpira ni mpira na kijiti ni kijiti, lakini gharama ya kufika inaongezeka kwa kila kilomita.

Kwa mtoto wa Musoma mjini, mashindano ya mkoa ni kutembea kwenda uwanjani. Kwa mtoto wa Mugumu ni zaidi ya kilomita 100 za safari. Mashindano ya taifa nayo huhamahama. Yamefanyika Kibaha, yamefanyika Mwanza, na mwaka 2019 yalifanyika Mtwara. Mtoto wa Sirari aliyekwenda Mtwara alitoka mpaka wa Kenya akaivuka nchi nzima hadi karibu na mpaka wa Msumbiji.

Mama yangu mkubwa alicheza netiboli katika shule ya msingi moja ya Serengeti, mwishoni mwa miaka ya 1970. Nilipomuuliza habari za mashindano ya mkoa, sikusikia neno kuhusu mabao. "Mwanangu," alisema, "tulipanda lori usiku, tumejifunika mablanketi, tunaimba mpaka sauti zinakauka. Asubuhi nikaona ziwa. Nilidhani ni mbingu imeshuka." Walilala kwenye madarasa ya shule mwenyeji, wasichana chumba hiki, wavulana kile, juu ya magodoro waliyotoka nayo nyumbani. Walikula ugali wa muhogo na samaki. Hakupita hatua ile. Lakini kwa maisha yake yote hiyo ndiyo safari ya kwanza aliyoifanya kwa sababu ya kitu anachokiweza yeye mwenyewe, si kwa sababu ya msiba, ugonjwa au kuolewa.

*

Safari kama yake haikutokea kwa bahati. Ilikuwa zao la sera. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na kutoka hapo likatoka Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo 1977. Azimio hilo hukumbukwa kwa mambo mengine, likiwemo lile la kuwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Lakini vijijini matokeo yake yalionekana kwa macho: shule ikaota kila mahali, na penye shule pakawa na eneo la wazi, filimbi, na mwalimu anayejua kupanga watoto mistari.

Hicho ndicho kizazi kilichomwona Bayi akivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ndicho kizazi cha Nyambui. Timu iliyokwenda Moscow haikuwa ya wakimbiaji peke yao. Hata wachezaji wa mpira wa magongo walikuwemo. Taifa maskini, lililotoka vitani na Idi Amin mwaka mmoja tu nyuma, lilikuwa bado linaona kwamba kupeleka vijana uwanjani ni kazi ya serikali.

Halafu hela ikaisha. Vita ya Kagera, bei ya mafuta, ukame na kuporomoka kwa mazao ya biashara viliikausha hazina. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza Mpango wa Kufufua Uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchangiaji wa gharama ukaingia katika elimu ya juu, na katika shule za msingi na sekondari ada na michango ikawa jambo la kawaida. Hapo ndipo nauli ya kwenda Musoma ilipohama mfukoni mwa serikali na kuingia mfukoni mwa mzazi. Mwanafunzi alirudi nyumbani na ujumbe: mchango wa michezo. Mzazi aliyekuwa na watoto wanne shuleni alilipa mara nne, hata kama hakuna hata mmoja wao aliyechaguliwa kwenda popote.

Hili ni muhimu kwa yaliyofuata. Michezo ya shule ilipoanza kutegemea mchango, ikapata adui ambaye hakuwahi kuwa adui yake: mzazi maskini.

*

Mwaka 2001 serikali ilifuta ada na michango ya lazima katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto walimiminika madarasani. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, mashindano ya UMISHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa. Hoja zilizosikika zilikuwa za muda na za fedha: watoto wanapoteza vipindi, wazazi wanabebeshwa mzigo, na shule zipo kwa ajili ya masomo.

Ni rahisi leo kumcheka waziri huyo, na wapenda michezo wengi wamefanya hivyo. Mimi naona hoja zake zilikuwa na miguu. Katika wilaya ambazo watoto walikaa chini kwenye vumbi kwa kukosa dawati, na mwalimu mmoja alifundisha darasa la watoto zaidi ya mia, kusema "tusubiri kwanza michezo" hakukuwa ukatili. Na mchango wa michezo kweli ulikuwa mzigo. Aliyeuondoa alimpunguzia mama mjane deni moja.

Kasoro ilikuwa katika kilichodhaniwa kwamba kinakatwa. Michezo yenyewe haikukoma hata siku moja. Jioni baada ya kuchota maji, chandimu iliendelea kupigwa Nyamongo, Nyamwaga, Nata na Mugumu, kwa mpira wa makaratasi na kamba za katani. Watoto waliendelea kukimbizana kwenda shule. Kilichokatwa ni safari. Lori la kwenda Musoma halikuja. Kocha hakuona. Mwenye mbio kuliko wote katani alibaki kuwa mwenye mbio kuliko wote katani, akamaliza darasa la saba, akaenda kuchunga au kuolewa au kuchimba.

Kuchimba si mfano nilioutafuta mbali. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji pale Nyamongo, wilayani Tarime. Hivyo katika miaka ileile ambayo njia ya mtoto kutoka kijijini kwenda kuonekana ilifungwa, barabara ya dhahabu kutoka kijijini humohumo kwenda ng'ambo ilifunguliwa. Upande wa Serengeti watalii waliendelea kuvuka nusu ya dunia kuja kuwatazama nyumbu wakikimbia.

Kulikuwa pia na tatizo la nani mwenye mtoto. Katika baraza la mawaziri la kipindi hicho, michezo ilikuwa chini ya Wizara ya Kazi, Maendeleo ya Vijana na Michezo, na shule zilikuwa chini ya Wizara ya Elimu na Utamaduni. Wizara yenye michezo haikuwa na watoto, na wizara yenye watoto haikuwa na michezo. Katika mgawanyo kama huo, jambo la pande zote mbili huwa la kwanza kupata mkasi, kwa sababu hakuna anayehisi amekatwa yeye.

Baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia madarakani Desemba 2005, mashindano yalirejeshwa. Yale ya shule za msingi leo yanaitwa UMITASHUMTA, na silabi iliyoongezwa katikati inasimama badala ya Taaluma. Naitazama silabi hiyo kama mtu anavyotazama kovu. Mchezo ulirudi shuleni ukiwa umeshika daftari mkononi, ili asije mtu akauliza tena unatafuta nini pale.

*

Kuna makato ya kishindo na kuna makato ya kimya. Mwaka 2016, wakati nchi nzima ikikimbizana na kampeni ya madawati, mashindano ya kitaifa ya shule yalisitishwa kwa mwaka huo ili nguvu na fedha zielekezwe huko. Nani angesimama kupinga dawati? Ndiyo ugumu wa jambo hili. Michezo ya shule haijawahi kushindanishwa na anasa. Hushindanishwa na dawati, chaki, choo cha wasichana, na kila mara hushindwa kwa haki.

Makato ya kimya yako katika hesabu. Januari 2016 ilianza elimu bila ada, wakati huo hadi kidato cha nne, na serikali hupeleka ruzuku badala ya michango. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 huelekezwa kwenye vitabu na 6,000 ndizo zinazopelekwa shuleni. Chukua shule ya watoto 600. Inapata shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo mwalimu mkuu atoe karatasi za mitihani, chaki, ukarabati wa mlango ulioliwa na mchwa, na mpira. Mpira mmoja atauweza. Lori hataliweza. Ruzuku huhesabiwa kwa kichwa cha mtoto, na shule ya mjini hupata kiasi kilekile kwa kila kichwa sawa na shule ya bondeni kwa Wangoreme. Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapouliza: uko mbali kiasi gani?

Katika vitabu vya bajeti vya serikali yetu kuna fungu linaloitwa Matumizi Mengineyo. Mishahara ina fungu lake, miradi ya maendeleo ina fungu lake, na yanayobaki huitwa mengineyo. Safari na posho huishi humo. Mwaka ukiwa mbaya, mshahara haukatwi, jengo lililofika kwenye linta haliachwi, kwa hiyo mkono unaingia kwenye mengineyo. Hakuna anayelazimika kutangaza kwamba amefuta michezo ya wilaya. Timu inapunguzwa kidogo, siku za kambi zinapungua, riadha inaachwa na mpira wa miguu unabaki. Au kampuni inajitokeza, kama Coca-Cola ilivyofanya kwa UMISSETA mwaka 2017, na kila mtu anapumua mpaka mkataba wake utakapokwisha.

*

Ngazi hii ina mwisho wake wa juu, na Nyambui aliufikia. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, kwenye mpaka wa Marekani na Mexico. Akiwa huko alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na wa mita 5,000 mara tatu, na mwaka 1980 akaongeza ule wa mbio za nyika. Watanzania wengine walipita katika chuo hichohicho, wakiwemo Gidamis Shahanga na Zakaria Barie, waliochukua dhahabu na fedha za mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane mwaka 1982. Kwa kifupi, chuo kikuu cha nchi nyingine ndicho kilichokamilisha kazi iliyoanzwa na viwanja vya majivu.

Vyuo vyetu havikuwahi kuichukua nafasi hiyo. Vina mashindano yao, vina shirikisho lao, TUSA, na Mlimani kuna idara inayofundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Lakini bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, haipimi sekunde. Inapima uhitaji na kozi. Mkimbiaji wa Tarime atafika chuoni kwa alama zake za darasani au hatafika. Akifika, kwenda kwake kwenye mashindano ya vyuo kutategemea tena kama chuo kimepata nauli.

Na sasa ule mwisho wa juu nao unakatwa. Julai 2020 Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza kufuta michezo 11 kwa sababu za kifedha. Stanford ni miongoni mwa vyuo tajiri kuliko vyote duniani. Mfuko wake wa akiba ulikuwa zaidi ya dola bilioni 25. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Brown kilitangaza kuondoa riadha ya wanaume katika orodha ya timu zake rasmi. Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa kila chuo. Ni haki yao kulipwa. Walitajirisha vyuo kwa miongo mingi. Lakini fedha hizo nyingi zinakwenda kwa michezo inayojaza viwanja, na michezo isiyouza tiketi, mbio zikiwa mojawapo, ndiyo inayotupiwa jicho. Nafasi aliyoipata Nyambui inazidi kuwa finyu.

Kilichonivutia zaidi katika mifano hiyo ni mwisho wake. Brown iliirudisha riadha ndani ya wiki chache, baada ya wanafunzi na wahitimu kupaza sauti kwamba huo ndio mchezo uliokuwa ukiwafikisha vijana weusi wengi chuoni hapo. Stanford ilirudisha michezo yote 11 mwezi Mei 2021, baada ya kampeni ya wahitimu, ahadi za michango na kesi mahakamani. Waliokatwa walikuwa na anwani, wanasheria na wahitimu wenye fedha. Mtoto wa darasa la sita aliyeachwa na lori Mugumu mwaka 2003 hakuwa na chama cha wahitimu. Hakujua hata kwamba ameachwa. Hakuwahi kuambiwa kwamba lori lilikuwepo.

*

Mtu anaweza kuuliza: hasara iko wapi, ikiwa mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo? Ushindi huo ni wetu sote. Lakini tazama ulivyopatikana. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi. Kwa miongo mingi majeshi yetu ndiyo yamebeba riadha, kwa sababu yana vitu ambavyo shule ilinyang'anywa: kambi, chakula, gari na muda. Watu wa Tarime wanalifahamu jeshi vizuri. Tangu enzi za mkoloni Wakurya wamekuwa wengi katika majeshi na polisi kuliko idadi yao. Shida ni kwamba jeshi humpokea mtu akiwa ameshakua. Mwenye miaka kumi na miwili haandikishwi.

Tazama pia orodha. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, Tanzania ilikuwa na wanamichezo watatu, wote wa marathoni, mmoja tu mwanamke. Paris 2024 walikuwa saba: wanne wa marathoni, wawili waogeleaji, mmoja wa judo. Hakuna hata mmoja aliyekimbia ndani ya uwanja. Nchi iliyomtoa Bayi wa mita 1,500 na Nyambui wa mita 5,000 haikuwa na mtu wa kusimama kwenye mstari wa mbio hizo. Marathoni unaweza kuianza ukubwani, barabarani, bila kocha wa shule. Mita 800, kuruka juu, kurusha mkuki na kupokezana vijiti havianzwi ukubwani. Sababu za anguko hilo ni nyingi, na vyama vya michezo vina sehemu yao. Lakini waliokuwa darasa la tano wakati lori liliposimama ndio waliopaswa kuwa katika umri wa kukimbia London 2012 na Rio 2016.

Kwa wasichana hesabu ni nzito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Tarime na Serengeti ziko katikati ya tatizo hilo, na ndiyo maana zina nyumba salama, Masanga na Mugumu, kwa wasichana wanaokimbia. Sisemi netiboli ingeondoa ukeketaji. Nasema kwamba katika jamii ambayo msichana huondoka nyumbani ama kwa kuolewa ama kwa kutoroka, kambi ya mkoa ilikuwa njia ya tatu: anaondoka kwa ruhusa ya baba, na anarudi akiwa na jina. Mwaka 2017, Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani liliposaidia mashindano ya wanawake ya Ladies First jijini Dar es Salaam, Juma Ikangaa akiwa balozi wake, wasichana walitoka mikoani wakakimbia. Walikuwepo siku zote. Safari hii nauli ililipwa Tokyo.

*

Sisi tunaosoma historia tumezoea kufuata yaliyotokea. Azimio lina tarehe, waziri ana hotuba, medali ina rangi. Makato ya bajeti huacha nyaraka ya aina moja tu, mstari uliokuwa na tarakimu ambao mwaka unaofuata una sifuri, na nyuma ya sifuri hakuna majina. Ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba hakuna kilichopotea, na ndiyo maana hadithi ya damu inadumu. Tukiamini vipaji vyetu ni vya damu, tutaamini pia kwamba vitasubiri.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Mtoto wa Tarime atajifunza darasani urefu wa uwanja na kanuni za kupokezana kijiti, na atapimwa. Ni jambo jema. Litakuwa jema zaidi siku ambayo halmashauri za Tarime na Serengeti, zenye dhahabu upande mmoja na hifadhi maarufu kuliko zote upande wa pili, zitaandika katika bajeti zao mstari unaojitegemea, nje ya mengineyo: usafiri wa wanafunzi, michezo, na idadi ya kilomita. Diwani asomewe mstari huo kwa sauti kwenye kikao. Anayetaka kuukata aukate mbele ya watu, ataje shule ambazo hazitakwenda, na wazazi wa watoto hao wawepo wakisikiliza.